Maswali ya lupasi: sindano mpya na vidonge mnavyoviacha

"Daktari, nimesikia sindano mpya ya kingamwili ya lupasi imefaulu awamu ya kwanza ya majaribio. Inauzwa wapi?" – Msomaji, Mwanza

Haiuzwi popote. Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, ikitumia kingamwili, yaani protini zake za ulinzi. Swali hili nimelijibu mara nyingi na bado linarudi vilevile, kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu, na naomba mlisome lote. Awamu ya kwanza ina kazi moja kubwa: kujua mwili unavumilia dozi gani. Kama dawa inatibu, hilo linapimwa baadaye.

Chukueni belimumab. Hii ni kingamwili ya maabara inayoikamata protini inayozipa uhai seli B, zile seli zinazotengeneza kingamwili za kumgeukia mgonjwa mwenyewe. Awamu ya kwanza ilikuwa na wagonjwa 70 tu, ikavuka. Awamu ya pili wakaingia 449, na dawa ikashindwa kufikia lengo. Ingeweza kuzikwa hapo. Watafiti wakarudi kwenye takwimu, wakaona kwamba wagonjwa ambao damu yao ilionyesha kingamwili za kujishambulia ndio waliopata nafuu kuliko wenzao, wakaandaa majaribio mawili makubwa kwa wagonjwa wa aina hiyo. Katika moja, baada ya wiki 52, waliopata nafuu kwa dozi ya juu walikuwa 58 katika kila 100. Waliopewa dripu isiyo na dawa walikuwa 44. Marekani ikaiidhinisha Machi 2011, dawa mpya ya kwanza ya lupasi kwa zaidi ya miaka 50.

Zitazameni tena hizo namba. Tofauti ni watu 14 katika 100. Ni nafuu ya kweli, na hakuna aliyesema wamepona. Anayewatumia ujumbe kwamba "lupasi imepata tiba" anawadanganya, hata kama nia yake ni njema.

"Kumpa mgonjwa dripu isiyo na dawa si ukatili?" – Mama, Morogoro

Hapana, mama. Wote wanaendelea na dawa zao za kawaida, na inayojaribiwa huongezwa juu yake. Lupasi hupanda na kushuka yenyewe. Bila kundi la kulinganisha, kila sindano ingeonekana inafanya kazi.

"Ni kweli kuna vijana walikaribia kufa London kwa dawa ya kingamwili?" – Msomaji, Mombasa

Kweli. Machi 13, 2006, katika hospitali ya Northwick Park. Dawa iliitwa TGN1412. Haikuwa ya lupasi, ila yaliyotokea yanaihusu kila kingamwili inayoingia kwa binadamu mara ya kwanza. Vijana sita wenye afya zao walitundikiwa dripu mmoja baada ya mwingine, dakika kumi hivi kati ya mtu na mtu. Dozi ilikuwa ndogo mara 500 kuliko ile iliyoonekana salama kwa wanyama. Ndani ya saa moja na nusu wakaanza kuumwa kichwa na mgongo, homa, kutapika, presha ikaporomoka. Wa kwanza alipozidiwa, dawa ilikuwa imeshaingia miilini mwa wote. Walinusurika wote sita, baada ya kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi, na mmoja alipoteza vidole. Baada ya hapo masharti yalikazwa: anaanza mtu mmoja, anaangaliwa kwanza, ndipo wengine wafuate.

Kwenye lupasi yenyewe tuliwahi kupata onyo kama hilo. Kingamwili moja ya kuzuia mawasiliano ya seli B na seli T, ambazo pia ni seli za kinga, ilijaribiwa kwa wagonjwa 28 wa figo, jaribio likasimamishwa kwa sababu damu ilikuwa ikiganda mishipani, hata mshtuko wa moyo ukatokea. Baadaye ikagundulika kwamba mkia wa kingamwili hiyo ulikuwa ukizinasa chembe za kugandisha damu. Wanasayansi wakatengeneza nyingine isiyo na mkia huo, dapirolizumab pegol, na mwaka 2024 ikafikia lengo lake katika awamu ya tatu. Kwa hiyo mkisikia jaribio limesimamishwa, msikimbilie kusema wagonjwa wamefanywa panya. Mimi naogopa zaidi jaribio ambalo hakuna mtu mwenye mamlaka ya kulisimamisha.

"Nimeandikiwa rituximab, lakini nasoma kwamba ilishindwa." – Msomaji, Nairobi

Rituximab, kingamwili inayoziangamiza seli B, ilishindwa katika majaribio yake mawili makubwa ya lupasi, ni kweli. Madaktari bado huitumia kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimegonga mwamba. Uliza kama umepimwa homa ya ini aina ya B na kifua kikuu kabla ya dripu ya kwanza. Kama hujapimwa, usikubali kutundikiwa.

"Kuna mtu ananiomba laki tatu aniandikishe kwenye jaribio la sindano ya lupasi." – Msomaji, Dodoma

Tapeli. Jaribio halali halimtozi mgonjwa ada ya kujiunga, na hapa Tanzania lazima liwe na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na cha maadili ya utafiti. Mwombe namba ya kibali uone atakavyopotea.

"Hizi dawa zimejaribiwa kwa watu weusi?" – Msomaji, Kigoma

Kidogo mno, na hili linaniuma. Lupasi inawapata zaidi wanawake weusi na kuwachakaza figo, lakini katika majaribio ya belimumab tuliyotaja walikuwa wachache. Ikabidi lifanyike jaribio la peke yake, wagonjwa weusi 448. Kwa ujumla halikuonyesha tofauti ya kutosha. Waliokuwa na ugonjwa mkali zaidi ndio walioelekea kunufaika. Jibu hilo lilichapishwa zaidi ya miaka kumi baada ya idhini. Kituo chenye utafiti halali kikikualika, soma fomu ya ridhaa yote, uliza, kisha uamue. Usikatae kwa woga tu.

"Naweza kuacha hydroxychloroquine nikisubiri sindano?" – Msomaji, Tanga

Hapana. Hicho ndicho kidonge cha msingi cha lupasi. Juzi dada mmoja alinimwagia mezani vidonge vya miezi miwili ambavyo hakuvimeza. Kwenye kundi la WhatsApp walimwambia asubiri dawa mpya. Nilipombonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Mkojo wake ulikuwa na povu. Figo zake zilikuwa zimeshaanza kuvuja protini wakati sindano anayoisubiri haijafika hata kwenye duka moja la dawa nchini.

"Nina lupasi na ni mjamzito. Naweza kujiunga na jaribio?" – Msomaji, Moshi

Awamu za mwanzo hazipokei wajawazito. Endelea na hydroxychloroquine, katika ujauzito inaruhusiwa. Na kila ukienda kliniki hakikisha wamepima presha na protini kwenye mkojo, wasipofanya waombe.