Wale wavutaji wa transfoma walienda wapi? Majibu ya maswali yenu

SWALI: Mwangaluka mzee wetu, shikamoo. Mimi ni utingo wa lobedi, lile trela la chini la kubebea mitambo, hapa Igoma, kazi yetu kubwa ni kupeleka greda na mitambo ya mgodini upande wa Geita. Ofisini kwa bosi kuna picha za zamani ukutani, lori mbili zimefungwa mbele zinavuta transfoma kubwa sana alafu nyuma kuna lingine linasukuma, nyingine zimeandikwa Pickfords nyingine Wynns. Mgongoni zina kama boksi tu. Nimemuuliza bosi anasema alizikuta. Hao jamaa ni wa wapi, na bado wapo? (Utingo, Igoma)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hizo picha mwambie bosi asizitoe ukutani kabisa. Hao ni wa Uingereza, na kwa miaka mingi mzigo mzito ukitajwa kule majina yao hayakosekani.

Nianze na hilo boksi maana naona limekusumbua. Lobedi yenu sehemu ya mzigo inakaa juu ya kichwa cha lori, uzito unakandamiza tairi za nyuma ndo maana zinashika barabara. Wale hawakuwa hivyo, trela lao lilisimama lenyewe kwa matairi yake mbele na nyuma, lori likavuta kwa chuma kirefu tu, sasa lori tupu ukilifunga mzigo wa tani mia tairi zinazunguka hapo hapo gari haliendi. Wakaweka boksi wakalijaza vyuma au zege ili liwe zito. Na lile la nyuma halisukumi tu, kwenye mteremko ndo linazuia mzigo usiwapande wa mbele, hiyo ndo kazi yake kubwa kuliko hata kusukuma.

Na kuna mtu ambaye kwenye picha unaweza usimwone. Mwaka 1929 na 1930 kiwanda cha Scammell pale Watford kilitengeneza lori mbili za kubeba tani 100, trela lake ni refu kiasi kwamba nyuma alikaa mtu na usukani wake anakata kona kivyake, na dereva wa mbele wanaongea kwa simu ya waya. Zote mbili ziliishia mikononi mwa Pickfords. Mimi nikifikiria yule wa nyuma, hana injini, ana usukani na simu na tani mia ziko mbele yake, namheshimu sana.

Pickfords ni wazee, walianza karne ya 17 na farasi. Wynns walianza 1863 mji wa Newport kule Wales, nao na farasi. Baadaye ikaja mitambo ya mvuke, alikuwepo mkubwa mwingine Manchester anaitwa Norman E. Box, huyo Pickfords wakamnunua. Vita vya pili vilipoisha zikauzwa lori za jeshi zilizokuwa zinabeba vifaru, Diamond T za Kimarekani na zile Pacific M26, Wynns wakachukua Pacific wakatoa injini ya petroli iliyokuwa inakunywa mafuta vibaya wakafunga dizeli. Kiwanda kilichotengeneza hizo Pacific leo kinaitwa PACCAR, ndo mwenye DAF, kwahiyo ukiiona DAF imepaki hapo Nyakato ujue ni ukoo mmoja na zile za ukutani.

Kazi yenyewe ilikuwa umeme. Miaka ya 50 na 60 Uingereza ilikuwa inajenga vituo vikubwa vya kufua umeme na kuunganisha nchi nzima kwa nyaya za msongo mkubwa, kila kituo kinataka transfoma na transfoma inatoka kiwandani ikiwa nzima, huwezi kuikata vipande. Tatizo likawa madaraja, mengi ni ya zamani. Mwaka 1967 wakaja na trela lenye pazia la mpira chini, wanapuliza hewa kwa mashine, hewa inanyanyua sehemu ya uzito na kuutawanya ili daraja lisibebeshwe wote kupitia matairi. Kuliko kujenga daraja jipya kwa ajili ya mzigo mmoja, waliona bora wapulize.

Sasa wako wapi. Mwaka 1948 serikali ilianza kutaifisha kampuni za malori, Pickfords wakawa mali ya umma, 1969 wakaingia shirika la taifa la mizigo na 1982 shirika hilo likanunuliwa na wafanyakazi wenyewe. Wynns waliuzwa miaka ya 60 kwa kundi kubwa la usafirishaji, miaka ya 80 wakaunganishwa na wengine na jina likafutwa kwenye milango. Scammell wenyewe kiwanda kilifungwa 1988. Watu wengi wanasema ni teknolojia imewaua, yaani zile trela za kisasa zinazojiendesha zenyewe kwa rimoti, ni kweli zimechangia ila mimi nasema kilichowamaliza kwanza ni kazi kuisha. Vituo vya umeme vilipokamilika oda za transfoma zikapungua, magari makubwa yamepaki uwanjani, na gari la namna hiyo huwezi kulipeleka kubeba saruji. Hata waliokuja baada yao hawakudumu, kampuni ya ALE iliyoanza 1983 ikakua dunia nzima, 2020 ikanunuliwa na Mammoet wa Uholanzi. Jina la Pickfords bado lipo lakini wanahamisha vyombo vya nyumbani. Wynns jina lilifufuliwa, siku hizi mizigo mizito wanaipitisha kwa maji kwenye tishari, jambo ambalo sisi wa ziwani hatuhitaji kufundishwa.

SWALI: Mzee, marehemu baba yangu aliendesha Fiat kwenda Zambia miaka ya 60, alisema kampuni ilikuwa ya nchi mbili. Wajukuu zake wanasema babu alikuwa anatunga. (Mama wa Kirumba)

JIBU: Mama pole kwa msiba hata kama ni wa zamani, na waambie wajukuu babu yao hakutunga kitu. Kampuni iliitwa Zambia-Tanzania Road Services, ilianzishwa 1966, wenye hisa ni serikali zote mbili na mbia wa Kiitaliano, ndo maana magari yalikuwa Fiat. Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa serikali ya walowezi, alijitangazia uhuru Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Zambia njia yake ya kusini ikaingia matatani, ikabidi mafuta yapande kutoka Dar na shaba ishuke kwa barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, kuna mlima Kitonga hapo katikati. Waliiita njia ya jehanamu na wengi walifia humo. Bomba la TAZAMA lilipofunguliwa 1968 likabeba mafuta, reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 ikajengwa 1970 hadi 1975 ikabeba shaba. Kampuni yenyewe leo haipo. Kama baba ameacha leseni au picha na gari lake, tafadhali mama zitunze, na ukiwa radhi tuletee tuzipige picha tuzichapishe hapa.

SWALI: Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe, lobedi inapita tu bila kibali? (Dereva, Usagara)

JIBU: Hapana kaka. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inasema gari na mzigo wake mwisho tani 56, ukizidi hapo au mzigo ukiwa mpana kupita kiasi unaomba kibali maalum kwanza, daraja au si daraja. Kilichobadilika tangu Juni 2025 ni foleni ya kivuko. Mimi nimewahi kulala pale Kigongo na lobedi siku mbili, tunakula sangara tunahesabu gari zilizoko mbele yetu.