Karafuu na mizani ya babu yako

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika. Umeuliza kama Sultani Ali bin Said wa Unguja, alipoingia katika himaya ya Waingereza mwaka 1890, ndiye aliyewakabidhi biashara yetu ya nje, au ilikwishatoka mikononi kabla.

Ilikwishaanza kutoka. Seyyid Said, baba yake, alifunga mkataba na Marekani mwaka 1833, na Uingereza 1839, kwamba bidhaa zao zisitozwe ushuru zaidi ya asilimia 5. Mwaka 1890 ikaondoka na ruhusa ya kuzungumza na mataifa. Mwaka 1892 Unguja ikatangazwa bandari huru, na hazina ilikwishashikwa na Waingereza.

Lakini nikisikia "biashara ya nje" namwona babu yako mbele ya mizani. Asiyepanga bei ya karafuu yake hana karafuu. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulichuma, tukachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, usiku kucha, tukaanika majamvini, mawingu yakitanda tunakimbia kuanua. Kwenye kituo cha kuuzia karafuu mpimaji akatia mkono guniani mara moja tu. "Daraja la tatu." Babu yako, aliyeijua karafuu kavu kwa kuivunja na kusikia mlio wake, hakusema neno. Njiani nikamwomba nimbebee magunia matupu, akakataa. Hadi leo linanichoma.

Utaniambia Mwingereza alikwishaondoka siku hiyo. Kweli. Na ile sheria ya 1937, iliyokipa chama cha wakulima peke yake haki ya kununua karafuu za kupeleka nje, ilisemwa ni ya kumwokoa mkulima na madeni. Madeni yalikuwepo, mashamba yaliwekwa rehani, hilo silikatai. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, India ikasusa karafuu yetu, wakapatana 1938. Katika kupatana huko mchumaji aliulizwa nini? Narudia: asiyepanga bei ya karafuu yake hana karafuu.

Basi Sultani alikosa? Ulimi unanitoka kusema ndiyo. Halafu nakumbuka manowari za Waingereza, nakumbuka babu yako naye alinyamaza, na yeye simlaumu. Niache kwanza.

Ukija likizo, njoo na nakala ya mkataba ule uliosema umeupata. Unisomee wote, polepole. Nataka kusikia kama mkulima ametajwa humo hata mara moja.

Baba yako