Usimpelekee muuzaji friji kabla ya kuandika kwamba umeikataa

Ndugu, umesema kwamba friji uliyoinunua Nairobi siku tisa zilizopita haigandishi, kwamba dukani wamekuambia uipeleke fundi wao aitazame, na kwamba kesho asubuhi unaipakia kwenye pikapu. Umeuliza kama unaweza kudai fedha zako zote, na nani alipe usafiri. Tafadhali iahirishe hiyo pikapu. Mimi niliipeleka ya kwangu hivyo hivyo Novemba 2022, bila kuandika neno hata moja, na safari ile ndiyo iliyoninyima haki ya kurudishiwa shilingi 46,500.

Ninaishi Mombasa, na mke wangu huwauzia watoto wa madrasa barafu za ukwaju wanapopita mlangoni kwetu alasiri. Siku ya tano baada ya kununua, nilifungua friji alfajiri nikashika kifuko kimoja cha barafu, kikabonyea mkononi. Ukwaju ulikuwa umechuruzika kutoka juu hadi kwenye droo ya mboga, na kule nyuma kompresa ilikuwa ya moto, ikinguruma bila kupumzika. Siku hiyo hiyo nilikuwa dukani na risiti mkononi.

Meneja alinipokea kwa heshima, akanikalisha, kisha akaniambia maneno ambayo mpaka leo yananichoma: kwamba sheria inalitaka duka lirekebishe bidhaa mara tatu kwanza, na mteja hawezi kuzungumzia fedha kabla ya hapo. Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo. Mtu yule anauza vitu kila siku ya maisha yake, na siwezi kuamini kwamba alikuwa hajui. Alichokuwa akikihitaji kutoka kwangu ni muda, nami nikampa miezi mitano.

Mara ya kwanza walikaa na friji wiki tatu, wakanirudishia wakisema kwamba gesi ilikuwa imeisha na wameiongeza. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa pande zote, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Friji mpya iliyoongezwa gesi bila kutafutwa tundu haijatengenezwa, imesukumiwa siku chache tu. Yangu iligandisha siku kumi na moja. Mara ya pili wakalaumu umeme wa nyumbani kwangu, ingawa friji ya zamani ya mama mkwe, kwenye soketi ile ile, haikuwahi kusumbua. Mara ya tatu wakabadilisha kompresa, nami nikatia sahihi karatasi inayosema kwamba nimeipokea friji ikiwa katika hali nzuri. Niliitia sahihi hiyo mlangoni, vijana wakiwa bado wameishikilia friji, kabla hata haijachomekwa.

Friji ilipokufa tena mwezi wa Aprili na nikasema sasa nataka fedha zangu, jibu la duka lilikuwa jepesi: umeitumia miezi mitano, umekubali matengenezo mara tatu, na sahihi yako hii hapa.

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hili ndilo nililokuja kukuambia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inaweka sharti kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaostahili kuuzwa, hata kama risiti haikusema lolote. Sharti hilo likivunjwa, mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa na kudai fedha zake. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba mnunuzi anayekaa na bidhaa kwa muda wa kutosha bila kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa, anahesabiwa kuwa ameikubali. Akishahesabiwa hivyo, haki ya kuirudisha inamponyoka, na kinachobaki ni kudai fidia ya hasara. Hivyo ndivyo yalivyonipata katika Mahakama ya Madai Madogo: mwamuzi alikubali kwamba friji ilikuwa mbovu, akanipa fidia iliyofika theluthi moja tu ya bei, kwa kuwa sikuwa na karatasi wala ujumbe wowote wa kuonyesha kwamba niliikataa mapema. Nilikuwa nimelalamika sana, tena kwa sauti, lakini kwa mdomo tu.

Usitishwe na kibao cha ukutani kinachosema kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inabatilisha masharti ya duka yanayojaribu kufuta dhamana ambazo sheria imekwisha kukupa. Waranti ya mtengenezaji nayo ni nyongeza. Haichukui nafasi ya wajibu wa aliyekuuzia, kwa hiyo wakikuambia uwatafute wakala wa kampuni, wajibu kwamba fedha zako zilipokelewa na wao.

Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, waandikie. Barua pepe inafaa, na ujumbe wa WhatsApp kwenye namba ya duka pia unafaa, mradi ubaki na nakala yenye tarehe. Andika hivi: "Tarehe fulani nilinunua kwenu friji hii kwa risiti namba fulani. Tangu tarehe fulani haigandishi. Kwa kuwa haina ubora unaostahili, ninaikataa na ninadai nirudishiwe bei yote ndani ya siku saba. Friji ipo nyumbani kwangu mje kuichukua." Sentensi hiyo ya mwisho ina msingi, kwani mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha mwenyewe, isipokuwa kama mlikubaliana vingine, inatosha kumjulisha muuzaji. Ambatisha picha ya risiti na video fupi ya kipimajoto kikiwa ndani ya friji. Tangu hapo usiitumie tena, ichomoe, kwa sababu kila siku unayoendelea kuitumia inampa muuzaji hoja.

Wakishindwa kukulipa, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Utaingia mle ukiwa na ujumbe wa siku ya tisa, na hiyo ni hali tofauti kabisa na ile niliyoingia nayo mimi.

Na wakikupigia simu kwa upole kukuomba uwape fundi nafasi moja tu, waombe waandike ombi hilo. Jumla ya mara tatu niliombwa mimi, zote kwa simu. Andika rasimu yako sasa hivi, uibandike hapa, nitaisoma kabla hujaituma. Nipo macho mpaka saa sita usiku.