Jibu: Walimu wamepata semina ya miradi lakini darasani hakuna kinachoendelea

Mkuu, umesema walimu wako wa darasa la tano walikwenda semina ya kufundisha kwa miradi, wakarudi na vyeti, na muhula umeisha bila mradi hata mmoja kukamilika. Usiwalaumu haraka. Habari ya umahiri, yaani mtoto ajifunze kwa kutenda kama kwenye miradi badala ya kukariri, ipo kwenye mitaala yetu ya Tanzania tangu 2005, na mtaala ulioboreshwa ulioanza Januari 2024 umeikazia zaidi. Wameisikia mpaka basi. Kinachowakwamisha ni ratiba na darasa la watoto 70.

Ratiba iko mikononi mwako, kwa hiyo anza nayo. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi: kugawa vifaa kunakula kumi, kufagia kumi nyingine. Mwalimu wa taaluma aunganishe vipindi viwili vya sayansi mara moja kwa wiki, kwa wiki tatu tu, na viwekwe kabla ya mapumziko ili kazi ikichelewa isile muda wa mwalimu mwingine. Mradi uandikwe kwenye azimio la kazi (mpango wa mwalimu wa mada za muhula) mahali pa masomo unayoyaondoa. Ukiuongeza juu ya kila kitu kingine, mitihani ikikaribia ndio wa kwanza kutupwa.

Mradi wa kwanza uwe mdogo, tena wa kitu ambacho kikikosewa kinaonekana kwa macho. Kichujio cha maji kinafaa sana. Chukua chupa ya lita moja na nusu, kata kitako, igeuze mdomo uwe chini. Ziba mdomo kwa pamba, weka mkaa uliopondwa kimo cha vidole viwili, kipande cha kitambaa, mchanga vidole vinne, halafu changarawe juu. Watoto 70 ni makundi 14 ya watano watano, yaani chupa 14.

Sasa hapa ndipo walimu wengi wanapoanguka. Mchanga usipooshwa mara tano au sita, na mkaa usiposuuzwa vumbi lake, maji yanatoka meusi kuliko yalivyoingia. Mwalimu anayeliona hilo kwa mara ya kwanza mbele ya watoto anafadhaika, anarudi ubaoni, na mradi umekufa. Kwa hiyo kikao kimoja cha JzK (jumuiya ya kujifunza, walimu wa shule wanapokaa kujifunza pamoja) kitumike kutengeneza kichujio chenyewe, walimu wachafuke mikono. Aliyekwisha kukosea ofisini atawauliza watoto, "Mbona yametoka meusi?", kisha atanyamaza awaache wabishane. Huko kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, na semina haikufundishi. (Watoto waambiwe mapema: maji hayo hayanywewi mpaka yachemshwe. Wataonja, nakuhakikishia.)

Chupa zikusanywe wiki mbili kabla, na wazazi wasiagizwe kununua chochote. Kenya, CBC (mtaala wao wa umahiri) ilipoanza, manung'uniko makubwa ya wazazi yalikuwa hayo hayo ya gharama za vifaa. Kazi isiende nyumbani pia, maana itarudi imefanywa na kaka mkubwa.

Majukumu ayapange mwalimu na yazunguke kila wiki: mpimaji, mkataji, mwandishi, mtunza vifaa, msemaji. Mkiwaachia wenyewe, wavulana watashika mkasi wiki zote tatu na wasichana watabaki kufagia.

Alama zisimzike mwalimu. Kundi lipewe 10 kwa kichujio na maelezo yake, kila mtoto apewe 10 kwa sentensi tatu alizoandika peke yake: tulibadilisha nini, kwa nini, kikatokea nini. Madaftari 70 yasahihishwe mara moja, wiki ya tatu. Asiyefanya kazi utamkuta kwenye sentensi ya pili.

Wewe mwenyewe ingia darasani wiki ya pili, wiki ya kwanza ni vurugu tupu, na usibebe fomu ya ukaguzi. Darasa la jirani lijulishwe kuhusu kelele. Akikubali mwalimu mmoja tu, anza na huyo, na wiki hizo tatu umtoe kwenye zamu.