Ngiri ya baba mdogo: auze injini afuate roboti India?

Mkuu, umeuliza kama mzee auze injini ya mtumbwi aende India kupasuliwa ngiri ya kinena, ule uvimbe wa utumbo unaosukumwa nje kinenani, kwa roboti. Asiuze kwanza!

Roboti haipasui yenyewe. Daktari anakaa pembeni, macho kwenye skrini, na vidole vyake ndivyo vinavyoongoza mikono ya mashine inayopita kwenye matundu madogo, kila moja kama milimita 8. Ndani unawekwa wavu wa kuimarisha pale palipolegea, sawa tu na kwenye upasuaji wa kawaida. Tena kwa roboti lazima alazwe usingizi kabisa. Wa kawaida unawezekana kwa ganzi ya pale pale.

Na wavu usikutishe bei. Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2016 ulitumia kitambaa cha chandarua kilichotakaswa, na baada ya mwaka matokeo yalilingana na wavu wa kiwandani.

Mimi nimebeba magunia ya dagaa Kibirizi miaka, nikapasuliwa hapa hapa Kigoma. Kovu lina urefu wa kidole. Wiki sita sikugusa gunia, mama watoto akanuna.

Ila uvimbe ukigoma kurudi ndani, ukauma na akaanza kutapika, msingoje asubuhi. Hospitali usiku huo huo.