Muulize Fundi: Mlango ukifungwa, boila linatoa masizi

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha dobi hapa Njiro, Arusha, tunafua mashuka ya hoteli mchana na usiku. Boila letu la maji moto ni la dizeli, linakunywa lita 10 kwa saa. Liko chumba cha nyuma, mita 3 kwa 2.5, chenye mlango wa nje na mlango mwingine wa kuingilia kwenye mashine tatu za kukaushia. Mchana mlango wa nje ukiwa wazi, kazi inakwenda vizuri. Usiku mlinzi anaufunga kwa kuogopa wezi, na asubuhi nakuta masizi kwenye boila na harufu ya moshi mpaka kwenye mashuka. Fundi wa kwanza alibadilisha nozeli, wa pili pampu ya mafuta. Wa tatu anataka tununue kichomeo kipya. Nimpe hela?
Mwenye dobi, Njiro

JIBU: Marahaba. Usimpe. Jibu umeliandika mwenyewe: mlango wazi, salama, mlango umefungwa, masizi. Nozeli haijui kama ni usiku au mchana. Kinachobadilika hapo ni hewa.

Lita moja ya dizeli, ili iungue yote, inataka kama mita za ujazo 10 za hewa ukiwa Tanga au Dar. Weka na ile ziada ya karibu robo ambayo kichomeo hakiwezi kuikosa. Tena Arusha mko juu, kama mita 1,400, hewa ni nyepesi, kwa hiyo inahitajika nyingi zaidi kupata oksijeni ileile. Tunafika karibu mita za ujazo 15 kwa lita, yaani 150 kwa saa kwa boila lako. Chumba chenyewe, dari likiwa mita 2.8, kinabeba mita 21 tu. Kila saa boila linataka hewa ya vyumba saba kama hicho, na mmelifungia ndani.

Mashine za kukaushia hukuniuliza, lakini ndizo zilizonifanya nichague barua yako. Kila moja inavuta hewa ya ndani na kuitupa nje. Hata ile ndogo ya nyumbani inaweza kutupa zaidi ya mita za ujazo 150 kwa saa. Za kwako ni tatu, na za biashara. Hewa ya kufidia itatoka wapi usiku? Itapenya chini ya mlango wa chumba cha boila, na isipotosha itashuka kupitia dohani. Moshi uliotakiwa kupanda unarudi chini. Hiyo ndiyo harufu ya mashuka yako.

Masizi yanafutika. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya moto uliokosa hewa, haionekani wala hainuki, na inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Arusha ya Juni na Julai naijua: mlinzi getini hakai, anajibanza penye joto. Akilalamika kichwa na kichefuchefu, watamwambia ni malaria. Ukisikia anapata nafuu akitoka nje, mpeleke hospitali na uwaeleze habari ya boila. Kuanzia leo asikae mtu humo, na mpaka matundu yatobolewe, boila lisiwake mlango wa nje ukiwa umefungwa. Wezi mtafutie dawa nyingine, hata geti la nondo.

Matundu yawe mawili, yote kwenye ukuta wa nje: moja ndani ya sentimita 30 kutoka darini, jingine ndani ya sentimita 30 kutoka sakafuni. Mimi hupiga hesabu ya sentimita za mraba 5.5 kwa kila kilowati, kwa kila tundu. Lita 10 za dizeli kwa saa ni kama kilowati 100, kwa hiyo 550 zilizo wazi kabisa. Nondo na luva (vile vibao vya mshazari vya kuzuia mvua) zinakula nafasi, na mwinuko wa Arusha nao una deni lake, basi toboa 30 kwa 40 kila moja. Tafadhali, usiweke wavu wa mbu! Kwenye dobi nyuzinyuzi za nguo zitauziba upesi, na utaniandikia tena. Weka wavu wa matundu makubwa, na usafishwe.

Mlango wa ndani utie mpira pembeni ubane, ukae umefungwa. Upande wa mashine nako toboa tundu lao wenyewe.

Baada ya hapo ndipo kichomeo kirekebishwe, milango imefungwa na mashine zote tatu zinazunguka. Fundi aje na kipimo cha gesi za moshi. Anayetazama rangi ya moto tu anabahatisha. Wewe mwenyewe washa udi, ushike kwenye ufa wa mlango wa nje. Moshi wake ukinyonywa ndani kwa kasi, chumba bado kina njaa.

SWALI: Nimenunua hita ya gesi ya kuogea. Fundi anataka kuifunga bafuni, anasema dirisha lipo.
Msomaji, Ruiru, Kenya

JIBU: Hapana. Siku ya baridi dirisha utalifunga. Ifungwe ukuta wa nje kama ni aina ya kukaa nje, au ubadilishe uchukue ile inayovuta hewa nje kwa bomba lake na kutoa moshi hukohuko. Kama haina hata dohani, irudishe dukani.