Upanga, kilemba au kishungi? Jibu kwa mfugaji wa Kongwa

Swali: "Mtaalamu shikamoo. Mi ni mfugaji mdogo huku Kongwa. Ile nyama nyekundu kichwani kwa jogoo sisi tunaita upanga, shemeji yangu wa Manyoni anaita kilemba, bwana mifugo alivyopita kasema kishungi. Nani yuko sahihi? Alafu jogoo ambaye yake haina meno nimwelezeje nikitaka kumtangaza kwenye grupu la WhatsApp?"

Marahaba. Wewe na shemeji yako wote mko sawa, bwana mifugo ndo kateleza kidogo. Upanga ni nyama, shungi au kishungi ni manyoya. Mshike kuku kichwani, ukibana ukasikia nyama laini ina joto huo ni upanga, ukikuta umeshika manyoya yaliyosimama au kuangukia machoni hilo ni shungi. Na wapo kuku wenye vyote viwili, kaupanga kadogo mbele na shungi kubwa nyuma yake, sasa ukiita vyote kishungi mteja anatoka Dodoma mjini na nauli yake anategemea kuku wa manyoya kichwani anafika anakuta jogoo wa kawaida, hapo mtagombana bure. Zile nyama mbili zinazoning'inia chini ya mdomo ni ndevu.

Wingi wa upanga ni panga: upanga huu umepauka, panga hizi zimepauka. Mapanga ni ya kufyekea, jogoo hana mapanga.

Sasa hilo la meno. Upanga ambao wengi tumeuzoea, wima, mmoja, una meno juu kama msumeno, uite upanga wa meno na kila mtu atakuelewa, ndo wa kuku wa aina ya Leghorn na wa kienyeji wengi. Mwingine umelala bapa, umejaa vipele vidogo na mara nyingi una kincha kinachochongoka kwa nyuma, huo ni wa Wyandotte, sema upanga bapa wa vipele. Wa tatu ni mfupi una mistari mitatu ya vinundu, wa katikati umezidi kidogo, ndo wa Brahma, mi naita upanga wa mistari mitatu. Na kuna ule wa donge tu, umekunjamana, kama wa Silkie. Kuchi nao wengi wao upanga ni mdogo umebana kichwani, hauna yale meno marefu. Kutafsiri neno kwa neno majina ya wazungu ya panga hizi sikushauri, mnunuzi wa mnadani anataka umbo, mwambie umbo.

Alafu usishangae vifaranga wakitoka na upanga usiofanana na wa baba wala wa mama. Mwingereza William Bateson alianza kuutumia upanga wa kuku mwaka 1902 kuonyesha kwamba kanuni za urithi za Mendel, yule aliyezigundua kwa mimea ya njegere, zinafanya kazi hata kwa wanyama, baadae akiwa na mwenzake Punnett wakaeleza hili: ukipandisha upanga bapa na upanga wa mistari mitatu, wote wawili wa damu safi, watoto wote wanatoka na donge. Ukiwapandisha hao wa donge wenyewe kwa wenyewe, kwa wastani katika kila vifaranga 16 utapata 9 wa donge, 3 wa bapa, 3 wa mistari mitatu, na 1 wa meno kabisa kama wa kienyeji! Kwa hiyo yule jirani anayesema koo wako kachepuka na jogoo wa watu, mwambie apunguze maneno, inawezekana ni damu ya humohumo bandani.

Hao watoto ndo chotara, kwa sababu wazazi ni wa aina mbili. Ila naona watu wanaandika "chotara wa mbegu safi", hapo sielewi, kama ni chotara basi si damu safi, chagua moja. Jogoo wa mbegu ni yule uliyemchagua apande, na chotara anaweza kuwa jogoo wa mbegu vilevile ukitaka. Tangazo lako liwe hivi tu: "Nauza jogoo chotara, upanga bapa wa vipele, hana shungi, ameshaanza kupanda." Na bei andika palepale bana, mambo ya njoo inbox yanachosha.

Ukitangaza na wengine, jogoo mchanga ambaye bado hajaanza kuwika vizuri ni pora, jike aliyekua ila hajataga bado ni tembe, akishataga na kulea ni koo. Hilo la tembe kwa huku kwetu uwe makini, maana tembe pia ni nyumba ya Kigogo ya paa la udongo, ukiandika "nauza tembe mbili Kongwa" kuna mzee wa Kigogo atakupigia kuuliza kiwanja kina ukubwa gani na paa la udongo linavuja au halivuji.